Tundu la Mgeni

Senge Nabifwo alikuwa amepiga ngoma kwa saa nzima na hakuna hata kumbikumbi mmoja aliyetoka.

Si ngoma hasa. Ni kibao cha mvule kilicholazwa juu ya tumbo la kichuguu, na fito mbili mikononi mwa senge, yaani dada ya baba yangu, mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye sijawahi kumsikia akikosea mdundo. Polepole kwanza, kisha kwa kasi, kisha polepole tena. Mchwa walio chini hudhani ni mvua, na wale wenye mbawa hutoka kuruka. Unakuwa umefunika matundu kwa majani ya mgomba na kuacha njia inayoishia kwenye chungu kilichofukiwa. Unapiga, wanatoka, chungu kinajaa. Ukoo wetu umevuna hivyo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Huu ulikuwa mwaka wa nne chungu kikibaki kitupu.

"Umewafanya nini, Namarome?" aliuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, nikisoma kipimo. Umeme unaotoka Kichuguu cha Nne ulikuwa wa kutosha. Kumbikumbi walioruka: sifuri. Ile sifuri ilikuwa na rangi ya kijani, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeamua, nilipokuwa kijana na mjuaji, kwamba sifuri hapo ni habari njema.

"Hawajafa, Senge. Wamo ndani."

"Najua wamo. Nasikia miguu yao. Nimeuliza umewafanya nini."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, basi sikungoja kupewa pole. Nikamweleza.

Ndani ya kichuguu mchwa hulima uyoga. Hubeba majani makavu, huyatafuna, huyafanya bustani, na uyoga huyageuza yawe sukari. Sisi wa Mamlaka ya Nishati Hai tulipanda katika bustani hizo kitu tunachokiita uzi: ukungu wa maabara, mwembamba kuliko unywele, unaokula ile sukari na kuitoa kama umeme. Tangu dunia iwekewe mawingu ya kuipoza, vioo vya jua hutoa nusu tu ya umeme wa zamani. Majani bado hushika jua, kwa shida, na mchwa hula majani. Vichuguu vya kijiji chetu, ambacho jina lake ni hilohilo, Vichuguu Tisa, pamoja na maelfu mengine ya mlima huu, ndivyo vinavyowasha jiji.

Halafu kuna kizibo. Kila mwaka kichuguu hutumia sehemu kubwa ya mafuta yake kulea kumbikumbi, kisha siku moja ya mvua huwamwaga wote hewani. Kwa macho ya mhandisi hilo ni bomba linalovuja. Tukatengeneza harufu ya kulizibia. Mtungi mdogo huitoa ndani ya kichuguu kidogo kidogo, nayo huwaambia wenye mbawa kwamba siku yao bado. Wanangoja. Wakingoja mno, wenzao huwala, mafuta yao hurudi bustanini, bustani hulisha uzi, uzi hulisha waya.

Senge aliweka fito chini. "Kwa hivyo wanakulana huko ndani."

"Ndiyo."

"Na nani aliwaambia hao watu wako kwamba kumbikumbi hawana kazi huku nje?"

Alijua. Jina langu limo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopima vichuguu hivi kwa misimu mitatu. Nataka ieleweke kwamba sikuwa mvivu. Nilibeba mizani na vyandarua kwa mgongo wangu, nikapima kila tundu. Isipokuwa moja. Kila familia hapa ikifunika kichuguu chake huacha tundu moja wazi, upande wa chini, na hilo ni tundu la mgeni. Kinachotoka humo ni cha yeyote mwenye njaa: kuku wa jirani, mbayuwayu, chura, mpita njia. Na cha mgeni hakihesabiwi. Hata kulikodolea macho ni utovu wa adabu; mama yangu alinifinya sikio kwa kosa hilo nikiwa na miaka mitano. Basi nilipofika na vyandarua vyangu nikalipita lile tundu bila hata kufikiri kwamba linapimika. Kwenye fomu, palipoandikwa "Wanaonufaika nje ya kichuguu", nikaandika binadamu. Chini yake, viumbe wengine, nikaandika sifuri.

Mtu wa kwingine asingekosea hivyo. Angepima tu, bila haya. Mimi niliyelelewa vizuri ndiye niliyeiambia serikali kwamba kumbikumbi hawamlishi yeyote isipokuwa binadamu.

Sasa mbayuwayu hawaji. Vyura wamenyamaza. Kuku wa Senge, waliokuwa wakinenepa kwa wiki mbili za kumbikumbi na kutaga hadi mavuno, wanatembea uani wakichokoa mchanga. Kipanga wa kule mwambani alihama mwaka juzi. Na Kichuguu cha Saba kimekufa, malkia wake akiwa mzee, bila mrithi. Kila kichuguu ulimwenguni kilianzishwa na kumbikumbi wawili walioruka, wakatua, wakachimba. Malkia wa vile vinane vilivyobaki ni wazee pia. Mvua hizi zikipita bila mruko, huenda kusiwe na mruko mwingine.

"Toa hiyo mitungi," Senge alisema.

"Si rahisi hivyo."

"Kuiweka kulikuwa rahisi?"

*

Bwana Wangwe alikuja Jumanne na karatasi. Yeye ni msimamizi wa Mamlaka kwa mlima mzima, mtu mpole, anayevua kofia akiingia nyumba yoyote. Kumchukia kungenirahisishia mambo. Karatasi ilisema kizibo kiendelee kwa miaka saba zaidi na kisambazwe kwenye vichuguu mia nne vya bondeni. Ilihitaji sahihi ya mhandisi wa kituo na sahihi ya mwenye kichuguu. Kichuguu cha Nne, kilichotajwa kwenye karatasi, ni cha marehemu baba yangu, kwa hiyo sahihi zote mbili zilikuwa zangu.

"Injinia, nisikilize," alisema, akiketi kwenye kigoda. "Majani yakishika nguvu mia za jua, mchwa anapata kumi. Mbayuwayu anayemla mchwa anapata moja. Kipanga anayemla mbayuwayu anapata sehemu ya kumi ya hiyo moja. Kila mdomo unapoteza tisa katika kumi, joto tupu, linakwenda hewani. Sisi tunachukua hapa chini, kabla halijapotea. Makosa yako wapi?"

"Umesema vizuri. Ni maneno yangu. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Basi."

"Mama yangu alikula ugali miaka sitini na nane, Bwana Wangwe. Tulimzika akiwa na kilo hamsini. Yale magunia mengine yote yalikwenda wapi? Yalipotea?"

Akatazama kofia yake.

"Yalilima," nikasema. "Yalizaa watoto watano. Yaliimba kanisani, sauti ya pili, na yakanifinya sikio. Hiyo tisa katika kumi tunayoiita hasara ndiyo kuishi kwenyewe. Mbayuwayu haipotezi. Anaruka nayo. Kuku anaatamia nayo. Niliandika upuuzi, na nyinyi mkaujengea ofisi."

"Mimi pia nilikula kumbikumbi utotoni," alisema taratibu. "Nawapenda. Lakini kichuguu kikirusha, wafanyakazi wanaacha bustani wanakwenda kulinda milango. Uzi unakosa sukari siku tisa, kumi. Umeme unashuka nusu. Na ukishuka nusu, lazima kitu kizimwe. Laini ya jiji ina mkataba. Zahanati yenu haina. Orodha ya kuzima inaanza na zahanati."

"Aliyeandika orodha hiyo alikuwa na akili?"

"Alikuwa na mkataba. Na orodha imefungwa jijini; ufunguo sina, wewe huna." Alisimama, akaiacha karatasi juu ya meza. "Kwenye zahanati kuna kile kisanduku cha joto, na ndani yake kuna mtoto wa binamu yako. Nimepita kumjulia hali. Nitarudi Ijumaa jioni."

Alivaa kofia akatoka. Nilitamani awe amenidanganya. Nilifungua orodha kwenye kompyuta, nikaisoma mara tatu. Hakuwa amenidanganya.

*

Nafuna, binti ya Senge Nabifwo, alijifungua miezi miwili kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa na siku kumi na moja na uzito wa kilo moja na gramu mia saba, na alilala ndani ya kile kisanduku cha kioo akiwa amevaa kofia iliyomzidi kichwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Nilipomwona, nikaiacha.

Nikasema tu ilivyo. Kosa nililofanya. Mitungi. Malkia wazee. Orodha. "Nikifungua vichuguu Ijumaa, kisanduku kitazima kwa siku tisa au kumi. Betri ya zahanati inatosha taa na friji ya chanjo, haitoshi joto. Mtoto ni wako. Sitafungua usiponiruhusu."

Nafuna alinitazama. Tumelala kitanda kimoja utotoni, najua anavyokasirika: hapandishi sauti, anaishusha.

"Unakuja hapa," alisema, "unaniambia nichague kati ya mtoto wangu na wadudu."

"Ndiyo."

"Huoni aibu?"

"Naona. Ningeona kubwa zaidi kama ningefungua bila kukuuliza. Au kama ningeweka sahihi halafu nikusingizie wewe, niseme nilifanya kwa ajili ya mtoto."

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kutia sahihi na kila mtu angenipa pole, hata Senge. Nani angemlaumu mtu aliyemchagua mtoto? Lakini mtoto huyu angekua, na siku moja angeuliza mbona mlima hauna ndege, nasi tungemwambia ni kwa sababu yake. Sikutaka kumtwika hilo. Wala sikutaka kumzika. Nilisimama pale na mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Muuguzi Tecla alikuwa akikunja mashuka kwenye kona, akijifanya hasikii. Akaacha kujifanya.

"Joto ni joto," alisema. "Kabla ya kisanduku hiki kuletwa, mama ndiye alikuwa kisanduku. Unamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Wewe ukichoka, mwingine anapokea. Huyu anapumua mwenyewe na ananyonya. Asingekuwa ananyonya, Injinia, ningekufukuza hapa na ufagio."

"Kwa hivyo inawezekana," nikasema.

"Inawezekana na ni kazi. Msichukulie mchezo. Mwili unaotoa joto unataka kula." Akamgeukia Nafuna. "Na wewe maziwa yanasuasua. Unakula nini?"

"Sukuma na ugali. Kuku wa mama hawatagi tena."

Nafuna aliweka kiganja chake juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Kipimo cha joto kiwe mkononi mwa Tecla," alisema hatimaye. "Likishuka chini ya thelathini na sita na nusu na lisipande, unarudisha mitungi. Humtumi mtu. Unakimbia mwenyewe, na miguu yako."

"Nitakimbia. Umeme utarudi baada ya saa mbili."

"Saa mbili hizo atakuwa kwangu. Na ngoma apige mama. Nikiamua kufanya huu wazimu nataka niisikie kutoka hapa." Akanitazama tena, na sasa sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Na usifikiri utasimama pembeni na kalamu. Zamu utachukua."

*

Ijumaa alfajiri nilitoa mitungi yote minane. Kila mmoja ulilia kidogo ukitoka, na simu yangu ikaanza kupokea maonyo kutoka jijini. Nikaiweka kwenye mfuko wa ovaroli ikaendelea kutetemeka. Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na watu kwenye kila kichuguu, wakikata majani ya mgomba, wakichimbua vyungu vyao vya zamani. Hakuna niliyemwita. Senge ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba.

Mvua ilinyesha saa nane, nusu saa tu, kisha jua likatokeza. Senge akaketi, akalaza kibao, akaanza.

Polepole. Kwa kasi. Polepole.

Nilisikia kabla sijaona, mkwaruzo mwembamba chini ya udongo. Kisha mlango wa kwanza ukapasuka na askari wakatoka, vichwa vikubwa, wakajipanga kuuzunguka. Nyuma yao wakaja wenye mbawa. Walitoka wakisukumana, misimu minne ya kungoja, wakajaa kwenye majani, wakamiminika chunguni, na wengine wengi wakatokea tundu la mgeni wakapanda juu moja kwa moja. Senge hakuacha kupiga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Nikachukua daftari, nikaketi mbele ya tundu la mgeni, nikalikodolea macho.

"Namarome," Senge aliita. "Toka hapo."

"Nahesabu, Senge."

"Cha mgeni..."

"Hakihesabiwi. Najua. Nilitii, na tazama nilichofanya. Wao wanaamini kilichoandikwa tu. Leo kitaandikwa."

Aliendelea kupiga, uso umekaza. Wanawake wa kichuguu cha jirani walikuwa wametugeukia. Nilihisi sikio langu likiwaka, lilelile, lakini sikuinuka. Kuku walifika wa kwanza, wakikimbia na mbawa zimetanda. Kisha chura mmoja, wa pili. Kisha, kutoka upande wa bonde, mbayuwayu. Sijui nani aliwaambia. Walipita chini sana hata nikainamisha kichwa, na niliandika nikiwa nimeinama.

"Ukihesabu, hesabu vizuri," Senge alisema. "Yule chura wa nyuma ya jiwe umemruka."

*

Umeme ulishuka saa kumi na dakika ishirini. Nilijua kwa sababu simu iliacha kutetemeka. Mnara wetu wa simu nao umo kwenye orodha. Nilikimbia hadi zahanati na miguu yangu, Senge akifuata na bakuli.

Gari la Bwana Wangwe lilikuwa limeegeshwa nje, naye amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ndani, kisanduku kilikuwa kimezima, tupu. Nafuna ameketi kitandani ameegemea ukuta, leso imemzunguka mara mbili, na juu ya leso, chini ya kidevu chake, kofia ya mtoto ilionekana. Senge alimpa bakuli. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo. Nafuna alikula bila kuinua macho, mkono mmoja ukienda na kurudi, na ningeweza kusimama pale siku nzima nikimtazama akila.

Tecla alitoa kipimo kwapani mwa mtoto, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Thelathini na sita nukta nane," alisema. "Kwenye kisanduku alikuwa na nukta saba."

Hakuna aliyeshangilia. Zilikuwa siku tisa, na hii ilikuwa saa ya kwanza.

"Karatasi," Bwana Wangwe alisema. "Nimetumwa niipeleke."

Nilimpa. Sahihi hazikuwepo. Nilikuwa nimeandika nyuma yake, palepale kichuguuni, fomu mpya kwa mpangilio uleule wa ile ya zamani. Aliisoma kwa sauti, nadhani kwa mazoea.

"Wanaonufaika nje ya kichuguu. Binadamu: kaya ishirini na mbili. Viumbe wengine: mbayuwayu, mia mbili na arobaini. Kuku, thelathini na tisa. Vyura, kumi na wanane. Hondohondo, wawili. Siafu, misafara minne. Mbwa wa mwalimu." Nikanyoosha mkono, akanipa ile karatasi. Nikachukua kalamu mezani kwa Tecla. Niliongeza mstari mmoja, nikamrudishia.

"Mtoto," alisoma, "mmoja. Kilo moja na gramu mia saba." Akainua macho. "Mtoto hali kumbikumbi, Injinia."

"Anayemnyonyesha anakula."

"Watakufukuza kazi. Unajua hivyo."

"Wanifukuze. Kichuguu cha Nne ni cha baba yangu, na hapo hawawezi kunifukuza. Wakija na mitungi watatukuta tumekaa juu yake, mimi na Senge na kibao chake."

"Na mimi," alisema Tecla.

Bwana Wangwe aliitazama karatasi tena, chini kabisa. "Hapa kwenye upotevu umeacha wazi."

"Nimetafuta," nikasema. "Sijauona."

Aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya koti badala ya mkobani, na sikujua maana yake ilikuwa nini. Nafuna alikuwa amemaliza bakuli. Alianza kufungua leso.

"Zamu yako," aliniambia. "Mgongo unaniuma."

Nilinawa hadi viwikoni. Nikafungua vifungo vya ovaroli, nikaketi alipoketi, ukuta ulipokuwa bado na uvuguvugu wake. Tecla aliniwekea mtoto kifuani na kunizungushia leso. Alikuwa mwepesi kuliko mizani niliyobeba miaka ile, na alinikwaruza kwa ukucha. Nikamkumbatia, na zile tisa zangu katika kumi zikaanza kazi.